Bibi hajasafiri, mwanangu

Siku tatu baada ya kumzika bibi yangu kule Muheza, mkoani Tanga, nilimkuta mwanangu wa miaka mitano bustanini na kopo la maji. Alikuwa akimwagilia mchicha kama alivyofundishwa: kwenye shina, si juu ya majani. Nikamwita aje kula.

"Bado," akasema bila kugeuka. "Bibi akirudi akute haujanyauka."

Alikuwa ametuamini. Asubuhi ya msiba, uani kumejaa watu, shangazi mmoja alimwambia bibi amesafiri. Mwingine akamwambia amelala. Nilisikia yote mawili nikanyamaza, mimi ninayeandika habari za afya kila wiki. Nilikuwa na machozi yangu.

Bibi alikuwa mtu wa mikono. Nyuma ya jiko alikuwa na matuta ya mchicha, bamia na nyanya chungu, na mchaichai aliupanda pale panapomwagwa maji ya kusuuzia vyombo ili lisipotee hata tone. Jua likikaza alihamia barazani kusuka ukili. Ukindu aliuanika, akauchana, mwingine akauchemsha na rangi. Zambarau ndiyo aliyoipenda. Ukili ukishafika pima za kutosha, huunganishwa ukingo kwa ukingo kwa kushonwa mpaka mkeka utimie. Miaka ya mwisho macho yake yalififia kwa mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji, lakini aligoma kwenda akisema vidole vyake vinaona. Kweli, hakukosea kunja. Kitukuu chake alikuwa na kazi moja: kuviringisha ukili uliokwisha kusukwa.

Usiku wa nne mtoto alikataa kulala. Nikizima taa, analia. Mwishowe akauliza, "Nikilala, na mimi mtanibeba?" Alikuwa ameliona jeneza likitoka.

Mzazi, mtoto wa umri huu hulichukua neno kama lilivyo. Ukimwambia marehemu amelala, ataogopa kulala. Ukimwambia amesafiri, atasubiri, na pengine atajiuliza amekosa nini hata asiagwe. Wengi katika umri huo bado hawajaelewa kwamba aliyekufa harudi. Ndiyo maana wataalamu wa afya ya akili ya watoto hushauri tutumie neno lenyewe, kwa maelezo mafupi. Yale ya imani ya familia yana nafasi yake, lakini kwanza aelewe kilichotokea kwenye mwili. Atauliza tena na tena, na jibu liwe lile lile. Usishangae akilia dakika tano kisha akakimbilia mpira. Huzuni ya watoto huja na kuondoka. Ila wiki zikipita bado halali, hali, au hataki kabisa kucheza, mpeleke kituo cha afya.

Kulipokucha nilikaa naye barazani. Kuandika haya ni rahisi kuliko kuyasema, nakiri. Nilimwambia Bibi amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa wala maumivu. Hatarudi. Si kwa sababu ya jambo lolote ulilofanya wewe.

Alinyamaza, akatazama bunda la ukili lililobaki pembeni.

"Sasa mkeka nani atamalizia?"

Sikuwa na jibu. Bibi alitaka kunifundisha kila likizo, na kila likizo nilikuwa na kitabu cha kusoma. Mama mdogo ndiye aliyetukalisha chini, mimi na mwanangu, akaanza nasi kama watoto wawili. Hadi tunaondoka Muheza tulikuwa tumesuka pima moja na nusu, imepinda vibaya.

Kabla ya safari tuliuvuna mchicha, tukaupika kwa nazi. Katikati ya kula mtoto akauliza tena kama Bibi atarudi.

"Hapana, hatarudi."

Akasogeza sahani nimwongezee.