Neli ya Kamera na Wadudu wa Mikarafuu



Twapenda kuwaelezeni chombo kidogo tulichokijaribu wilayani Same, katika milima ya Upare, kwa kupiga picha majani ya tangawizi huko Mamba Miamba. Ni neli tupu, isiyo na kioo ndani, itiwayo kati ya kamera na lenzi yake. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbele, ili kitu kilicho karibu sana kionekane wazi.

Hesabu yake ni nyepesi: gawa urefu wa neli kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50 ikitiwa neli ya milimita 25, mdudu wa milimita 4 hutokea milimita 2 ndani ya kamera. Ukitia neli za milimita 50 hutokea kwa ukubwa wake kamili, lakini mwanga unaobaki ni robo tu. Penye ukungu wa milimani mkono hautoshi. Yataka miguu mitatu. Tena sehemu iliyo wazi huwa nyembamba mno, basi lilaze jani lielekee kamera sawasawa.

Faida yetu ni hii. Majimoto huwalinda vidugamba wafyonzao utomvu wa mkarafuu, kwa kutaka maji yao matamu. Ukiona majimoto wengi tawini, wapige picha vidugamba hao pamoja na rula, umpelekee bwana shamba kabla hujanunua dawa. Dawa isiyomjua mdudu ni fedha iliyomwagwa.