Faida ya Hisa Hutoka Mfukoni mwa Nani?

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akishaziacha Mariakani, Samburu na Taru, hufika Mackinnon Road, mji mdogo wa Kaunti ya Kwale. Wengi hutua hapo kuzuru msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, kando ya reli. Wachache hujiuliza huyo Mackinnon alikuwa nani. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni lugha, na majina ni sehemu ya kazi hiyo, huwaambia wanafunzi wangu kwamba hili ni jina la mwenye hisa.

Sir William Mackinnon alikuwa tajiri wa meli kutoka Uskoti. Mwaka 1888 kampuni yake, Imperial British East Africa Company, ilipewa hati ya kifalme ya kufanya biashara na kutawala huku kwetu. Njia ya mikokoteni iliyoanza kutengenezwa mwaka 1890 kuelekea bara ndiyo iliyouachia mji huo jina. Faida iliyotarajiwa haikupatikana. Mackinnon alifariki mwaka 1893, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi kutoka mikononi mwa kampuni. Wenye hisa walilipwa pauni 250,000, na fungu kubwa la fedha hizo lilitoka katika mali ya Sultani wa Zanzibar. Yaani hasara ya matajiri wa Ulaya ilipunguzwa kwa fedha za watu ambao hawakuwahi kumiliki hata hisa moja.

Nimekirejea kisa hicho kwa sababu siku hizi naulizwa mara kwa mara, na walimu wenzangu na hata wanafunzi, kama ni busara kununua hisa za kampuni za kadi za mkopo. Mimi si mshauri wa fedha. Lakini jina lenyewe lanihusu, kwani linapotosha. Visa na Mastercard hazikopeshi mtu. Mgeni akilipia chumba cha hoteli pale Diani kwa kadi, anayemkopesha ni benki iliyompa kadi hiyo. Visa hutoza ada ndogo kwa kuwa malipo yamepita katika njia yake. Mgeni asipolipa deni, hasara ni ya benki. American Express ni habari nyingine: hiyo aghalabu hukopesha yenyewe, na kwa hiyo hubeba hatari ya wasiolipa. Basi anayenunua hisa za Visa hununua kipande cha njia, si kipande cha deni, ingawa njia hiyo hunawiri watu wanapozidi kununua kwa mkopo. Wale wanaojiepusha na riba wana haki ya kuuliza kama tofauti hiyo inatosha.

Mastercard iliuza hisa zake kwa umma mara ya kwanza mwaka 2006, kwa dola 39 kila moja. Visa ikafuata Machi 2008, kwa dola 44. Mwishoni mwa mwezi huohuo wa Machi, Kenya nayo ilikuwa na mnada wake. Serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Watu walipanga foleni, na wengine walikopa ili wanunue. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, kwa hiyo wengi walipata kidogo mno na wakarudishiwa fedha zilizobaki, huku riba ya mkopo ikiendelea kuhesabiwa. Hisa ziliingia Soko la Hisa la Nairobi Juni 2008. Mwaka uliofuata bei ilishuka chini ya shilingi 3. Ndiyo, mwaka 2021 ilipita 40, kisha mwaka 2023 ikaanguka tena chini ya 15. Aliyetumia akiba yake aliweza kungoja. Aliyekopa hakuwa na nafasi hiyo.

Safaricom pia ina njia yake, M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007 na ambayo leo huiingizia fedha nyingi kuliko maongezi ya simu. Mwaka 2019 ikaongezwa Fuliza, ambayo kwa mtu wa kawaida wa Kinango au Msambweni ndiyo kadi ya mkopo: fedha zikipungua wakati wa kulipa, benki hujazia, na deni hutozwa ada ya kila siku.

Hapo nimpe mwalimu wa hesabu zoezi la darasani. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, Safaricom ilitoa mgao wa shilingi 1.39 kwa kila hisa. Mwenye hisa 1,000 alipata shilingi 1,390 kabla ya kodi. Wakati huo, kabla ada za Fuliza hazijapunguzwa baadaye mwaka huo, deni la shilingi 1,000 lilitozwa shilingi 10 kwa siku. Ikiwa mwenye hisa hizo ni huyohuyo anayefuliza ili afikie mwisho wa mwezi, ni siku ngapi za deni zitakazoumaliza mgao wake wa mwaka mzima? Wanafunzi watajibu upesi kwamba ni 139. Kisha waulizwe swali la pili, ambalo halina hesabu: wale wasio na hisa hata moja, lakini wakafuliza siku hizohizo 139, walikuwa wakimlipa nani?