Saa na Mahali pa Kazi: Mpulizaji wa Salfa Nachingwea na Ruangwa

Yatajwapo "mazingira ya kazi", wengi wetu hufikiria ofisi: meza, kiti, na dirisha la kuingizia mwanga. Lakini sehemu kubwa ya wafanyakazi wa nchi hii hawana kiti wala dirisha. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kati ya Juni na Septemba, mahali pa kazi pa mkulima ni chini ya mkorosho, na hewa aivutayo imejaa salfa aliyoipuliza mwenyewe. Je, mtu huyu aweza kuchagua mazingira yake? Aweza, na chombo chake cha kuchagulia ni saa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulitambuliwa nchini ugonjwa wa ubwiri unga. Kuvu wake hushambulia majani machanga na maua ya mkorosho, yakafunikwa na kitu cheupe mfano wa unga, kisha maua yakakauka kabla ya kushika tunda. Mavuno ya Tanzania, yaliyozidi tani 140,000 msimu wa 1973/74, hayakufika tani 20,000 msimu wa 1986/87. Ugonjwa haukuwa sababu pekee. Bei ndogo, na uhamisho wa vijiji uliowaacha watu mbali na mikorosho yao, vilichangia pia. Hata hivyo, wakulima waliopata salfa waliona maua yakirudi kuzaa, na tangu hapo mashine ya kupulizia imekuwa sehemu ya maisha ya kusini.

Tufanye hesabu. Mikorosho ikipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, hekta moja huchukua miti 69 hivi. Kila mti hupewa takriban robo kilo ya salfa kwa mzunguko mmoja. Basi hekta huhitaji kilo 17, na mzunguko hurudiwa mara nne au tano kwa msimu. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, gramu chache tu za unga kama huu tulizifungua ndani ya kabati lenye feni ya kutoa hewa nje. Mpulizaji hubeba mgongoni kilo nzima nzima, na feni aliyo nayo ni ya kuirusha salfa hewani.

Sasa tuitazame hewa yenyewe. Usiku usio na mawingu, ardhi hupoteza joto upesi na kuipoza hewa iliyo karibu nayo. Hewa baridi ni nzito; hutulia chini, na ile yenye joto zaidi hukaa juu yake kama kifuniko. Salfa ikipulizwa alfajiri huelea polepole matawini na kunata kwenye majani yenye umande. Jua likishapanda, ardhi hupata joto, hewa huinuka, na unga huondoka nayo. Mkulima apulizaye saa nne huilisha anga.

Alfajiri humfaa mpulizaji vilevile, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Misuli ikifanya kazi, robo tu ya nishati, au pungufu, huwa kazi. Iliyobaki ni joto ambalo mwili lazima ulitoe. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huchukua kilojuli 2,400 hivi. Barakoa, miwani na nguo za mikono mirefu huzuia ukaukaji huo. Ndiyo maana kumkemea mtu avueye barakoa saa nne ni kupoteza maneno: mwili wake umemwamuru. Saa kumi na mbili na nusu aweza kuivumilia. Kipande cha kanga puani hakitoshi, kwani chembe zilizo ndogo kuliko maikromita 5 hupenya nafasi za nyuzi zake na zaweza kufika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu.

Upepo mwanana ukiwapo, mpulizaji aanzie upande unakoelekea upepo, asogee kule unakotoka, ili wingu limwache nyuma. Katika vilima vya Ruangwa, hewa baridi huteremka usiku na kujikusanya mabondeni, ambako hukawia kuvurugika. Mwenye shamba mteremkoni na jingine bondeni amalize kwanza la mteremkoni. Sigara isiwashwe karibu, maana salfa ikiungua hutoa gesi kali ichomayo koo na mapafu.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila maabara. Alfajiri ya siku isiyo na mawingu, wanafunzi wafukize majani mabichi kidogo ndani ya kopo, mahali pa wazi, wachore njia ya moshi. Wapime joto la hewa karibu na ardhi, na tena kwa kimo cha mita 2, kipimajoto kikiwa kimekingwa na jua. Warudie saa nne, kisha wailinganishe michoro miwili na tarakimu nne walizopata.