Vigari vyepesi vya Mfaransa si vya kudharau!

Hapa Tunduma magari ya IT yanapita kila siku kwenda Zambia, basi vijana wote tumekuwa mafundi wa mdomo. Ukitaja gari la Kifaransa wanacheka: "Bovu hilo, spea hamna!" Spea kweli ni tabu, hapo sibishi. Ila kwenye mashindano, jamani, wapeni heshima yao.

Mwaka 1955, mji wa Dieppe, muuza magari ya Renault aitwaye Jean Rédélé alianzisha kampuni ya Alpine. Hakuwa na injini ya maana. Alichukua ya Renault 4CV, cc 747 tu (Vitz inaishinda!), akaivika bodi ya faiba. Hesabu yake: kama huna nguvu ya kuongeza, punguza uzito. Gari jepesi linachomoka haraka, breki zinalishika mapema, na kwenye kona halivutwi nje. Muulize dereva wa lori mwenye shehena ya shaba kwenye mteremko wa Senjele, atakwambia uzito ni kitu gani.

Baadaye ikaja A110. Faiba juu ya chasisi ya chuma mfano wa uti wa mgongo, injini nyuma, kama kilo 700 hivi, yaani karibu nusu ya Noah. Kwenye rali ya Monte Carlo 1973 ilishika namba moja, mbili na tatu! Mwaka huohuo Alpine ikabeba ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji, ule wa kwanza kabisa.

Na Safari Rally yetu je? Huku wepesi peke yake hautoshi. Mawe, matope, makorongo, kigari cha chini vile kinaacha tumbo njiani. Aliyemtoa Mfaransa kimasomaso ni Peugeot, gari la familia. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda 1966 na 1967 akiwa na 404.

Sasa sikieni utamu. Ove Andersson, yule wa pili Monte Carlo 1973 na Alpine, alishinda Safari 1975 kwa Peugeot 504. Wa tatu wake, Jean-Pierre Nicolas, naye akashinda 1978, 504 tena, ile ya milango miwili. Madereva walewale! Kigari chepesi walikiacha Ulaya.

Kama mzee wako alikuwa na 504, tupia picha hapo chini tuione.