Neno "Wanga" na Jina la Sumbawanga

Mji wa Sumbawanga, ulio makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, una jina ambalo wengi hudhani wanalielewa. Husemwa kwamba sumba katika Kifipa ni "tupa", na wanga ni "uchawi", basi jina zima lamwagiza mtu aingiaye: "Tupa uchawi." Maelezo haya husimuliwa na wenyeji wa Ufipa wenyewe, tangu Chala, katika njia iendayo Namanyere, hata mjini Sumbawanga. Lakini wayasikiao kwa mbali huyageuza. Jina linaloagiza uchawi utupwe hufanywa kuwa ushahidi kwamba uchawi umejaa huko, na mtu wa Chala au wa Sumbawanga afikapo pwani hupokewa kwa mzaha ambao si mzaha mtupu. Kwa hiyo yafaa neno wanga lichunguzwe, lilikotoka na lilivyopata maana liliyo nayo.

Kwanza hatuna budi kutenga maneno yanayofanana kwa sauti tu. Katika Kiswahili yako maneno kadhaa yaandikwayo kwa namna hii. Lipo jina wanga, ule unga laini utokao katika mizizi na nafaka, ambalo leo latumika shuleni kwa vyakula vitiavyo mwili nguvu, kama ugali wa ulezi ulioliwa Ufipa tangu zamani. Kipo kitendo cha kale kuwanga, yaani kuhesabu, ambacho sasa karibu kimesahauliwa kwa sababu ya hesabu, neno la Kiarabu. Kipo kuwanga cha maumivu, kama mtu asemapo kwamba kichwa chamwanga. Na kipo kuwanga cha mchawi atembeaye usiku, ambaye huitwa mwanga, na wenzake wanga. Tena liko mwanga la nuru, lililo jamaa moja na anga na angaza.

Lugha nyingi za Kibantu hutofautisha maneno kwa kupandisha na kushusha sauti. Kiswahili kimepoteza desturi hiyo, hivyo maneno yaliyokuwa mbalimbali yaweza kukutana na kuonekana kama neno moja. Msomaji akisema kwamba mchawi huitwa mwanga kwa sababu hubeba nuru usiku, au kwa sababu huhesabu nyota, atakuwa ametunga hadithi nzuri, lakini hatakuwa ametoa ushahidi. Kufanana kwa sauti hakutoshi. Lazima ionyeshwe kanuni iliyoigeuza sauti moja kuwa nyingine.

Kwa neno wanga la Ufipa kanuni hiyo yaonekana wazi. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamethibitisha kuwako kwa shina la kale -ganga, lihusulo mtu ajuaye dawa. Kiswahili kimelihifadhi katika mganga, na kwa kiambishi u- kimepata uganga. Katika lugha nyingine sauti ya g iliyo mwanzoni mwa shina imedondoka. Jambo hili si geni hata katika Kiswahili chenyewe: Waganda husema genda, Waswahili husema enda. Vivyo hivyo Kiswahili kina mgeni, na Kibemba kina umweni. Sasa chukua kiambishi bu- cha Kibemba, ukiunganishe na shina lililopoteza g yake: utapata bwanga. Kiambishi kikiwa u-, utapata wanga, kwa njia ile ile iletayo wimbo kutoka u na imba. Katika mpango wa Malcolm Guthrie, aliyeziainisha lugha za Kibantu mwaka 1948, Kifipa na Kibemba vimo katika kanda moja, iitwayo M. Basi si ajabu neno la Ufipa kufuata njia ya jirani yake wa kusini.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa. Ikiwa ndivyo, wanga na uganga ni neno moja kwa asili. Linalotupwa katika jina la Sumbawanga ni ndugu wa lile linaloheshimiwa katika cheo cha mganga.

Maana ya bwanga katika Kibemba na katika Kiluba yathibitisha undugu huo. Bwanga si uovu peke yake. Ni dawa yenye nguvu ya siri: yaweza kuponya, kulinda shamba, kumpa mwindaji bahati, na pia yaweza kudhuru. Uzuri au ubaya wake hautoki katika kitu chenyewe, bali katika nia ya akitumiaye. Neno la namna hii halikuwako Afrika tu. Wayunani wa kale walikuwa na pharmakon, lililokuwa dawa na sumu pia. Kilatini kilikuwa na venenum, ambalo kwanza lilihusu dawa ya kuvuta mapenzi, kisha likaishia kuwa sumu. Hata Kiswahili cha leo hakiko mbali: twasema dawa ya homa na dawa ya panya, na hakuna asikiaye mgongano.

Mfano huu wa dawa watufundisha jinsi maana zinavyogawana nafasi. Neno dawa, lililotoka Kiarabu, lilikaa mahali pa katikati, pasipo sifa wala lawama. Uganga likabaki kuwa kazi ya mtu fulani, nalo uchawi likachukua ubaya. Kwa hiyo wanga, lilipoingia masikioni mwa watu waliozoea Kiswahili, halikukuta tena nafasi ya katikati. Lilimkuta mwanga wa usiku, likaungana naye, na upande wake wa kuponya ukafifia.

Ng'ambo ya bahari pia, upande mmoja wa neno hili ndio ulioshika. Kimbundu cha Angola kina wanga kwa maana ya uchawi na hirizi. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Kongo na Angola walivuka bahari na maneno yao, na hata leo Haiti watu huita wanga ile hirizi au dawa ya siri itengenezwayo ili kumpata au kumdhuru mtu.

Lakini Ufipa yenyewe imeonyesha kwamba pande mbili za neno hazikuachana kabisa. Mwaka 1935 Audrey Richards aliandika juu ya watu walioitwa bamucapi, waliopita katika vijiji vya Wabemba wakikusanya pembe za dawa zilizodhaniwa kuwa za uchawi na kuwanywesha watu dawa yao ili watakasike. Mwaka 1968 Roy Willis, aliyekaa miongoni mwa Wafipa katika miaka ya 1960, alieleza harakati ya jamaa moja na hiyo, iliyoitwa Kamcape. Katika mambo haya dawa hufukuzwa kwa dawa. Mwenye kuitupa wanga huitupa kwa nguvu ya wanga nyingine, iliyo safi. Hivyo agizo lililomo katika jina la Sumbawanga halikuwa tangazo kwamba watu wa huko ni wachawi. Ni sharti la kuishi pamoja: aingiaye aache nje nguvu za kudhuru.

Sheria nayo imejaribu kupasua kilichokuwa kimoja. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa wakati wa Waingereza, iliukataza uchawi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2002, Tanzania ilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala, ikawapa waganga wa namna hiyo nafasi ya kuandikishwa. Mwaka 2015, kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Tena watumishi wa hospitali walikuwa wamekwisha kulipokea neno lile lile: yuko Mganga Mkuu wa Serikali, na yuko Mganga Mkuu wa Mkoa. Huyu wa Rukwa ana ofisi yake Sumbawanga. Katika anwani yake shina moja limeandikwa mara mbili, mara ya kwanza kwa heshima katika cheo, mara ya pili kwa kukataliwa katika jina la mji.

Mambo haya si ya wasomi tu. Katika nchi ambayo wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa tu, neno lishikalo maana moja ya lawama ni kama panga lisilo na ala. Historia ya wanga haithibitishi wala haikanushi imani ya mtu. Yaonyesha tu kwamba wahenga walipotaja dawa yenye nguvu walisubiri kujua itatumiwaje kabla ya kumhukumu mwenye nayo. Msafiri atokaye Chala akaulizwa pwani kama kwao ni kwa wachawi, aweza kujibu bila hasira kwamba mji wao ulipewa jina na watu waliokataa kudhuriana, na kwamba neno walilolitupa ni lile lile ambalo muulizaji hulitamka kwa adabu kila aendapo hospitali.