Vita vya Gurnah Havina Mashujaa

Sisi watu wa pwani tumelelewa na vita vya tendi. Kabla ya kujua kuandika majina yetu tumekwisha kusikia habari za Herekali, katika utendi alioutunga Mwengo bin Athumani kule Pate mwaka 1728, na habari za Rasi l'Ghuli, na nyinginezo. Hata Hemedi bin Abdallah alipotunga juu ya Wadachi kuitwaa Mrima alishika njia ile ile: kuna upande wa haki, kuna majemedari, kuna panga na sifa. Basi msomaji wa kwetu akikifungua kitabu cha Abdulrazak Gurnah kiitwacho Afterlives, kilichotoka mwaka 2020, si ajabu akifika ukurasa wa hamsini akauliza: vita viko wapi, na shujaa ni yupi?

Mimi nimekisoma huku Longisa, katika kaunti ya Bomet, nilikokuja kukaa na binti yangu anayefanya kazi huku. Hii ni nchi ya chai, na baridi yake haina urafiki na mtu wa Kisauni. Jua likishazama, na Isha ikishasaliwa, hakuna la kufanya ila kujifunika blanketi na kusoma.

Gurnah, kwa wasiomjua, ni mwana wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1948 akahamia Uingereza kijana baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Huandika kwa Kiingereza, lakini Paradise, riwaya yake ya 1994, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Nawashauri waanze na hiyo, maana inaishia pale pale Afterlives inapopata pumzi: kijana akilikimbilia jeshi la Wadachi.

Katika Afterlives kijana ni Hamza. Kajiandikisha uaskari kwa hiari yake ili amkimbie tajiri aliyemshika kwa deni. Ofisa mmoja wa Kidachi anampenda, anamfunza Kijerumani hata aweze kusoma mashairi ya Schiller, na papo hapo anamdhalilisha. Mwishowe Hamza anajeruhiwa kwa upanga, na aliyempiga si adui bali ni Mdachi wa kikosi chake mwenyewe! Hapo ndipo nilipoanza kumfahamu Gurnah. Katika tendi jeraha hutoka kwa kafiri aliye mbele yako. Kwake linatoka kwa bwana uliyeapa kumtumikia.

Jeraha lililoniumiza zaidi, hata hivyo, halikupatikana vitani kabisa. Ni la Afiya, binti mdogo ambaye kaka yake, Ilyas, alimfunza kusoma na kuandika, kisha akamrudisha kwa watu waliokuwa wakimlea ili yeye aende akapigane kwa ajili ya Wajerumani. Mlezi alipogundua kuwa mtoto wa kike anajua kuandika, alimpiga hata akamvunja mkono. Hakuna mzinga uliolia siku ile, na wanahistoria hawatalihesabu tukio hilo katika vita vya 1914 hadi 1918. Gurnah analihesabu. Kwake yeye, swali la kwanza la kumuuliza mwanamume anayetoka kwenda vitani si “utapigana na nani?” bali ni “umemwacha nani, na mikononi mwa nani?”

Jambo la pili ni gumu zaidi kwetu. Wale maaskari wa Kidachi waliochoma vijiji na ghala za vyakula wakati wa Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, wakasababisha njaa na vifo ambavyo makadirio yake huanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi wao walikuwa watu weusi, na wako waliosali na kufunga kama sisi. Gurnah hawafichi. Wala hawatemei mate. Anawaonyesha wakijivunia ukali wao, halafu anaonyesha ni nani aliyekuwa ameshika kamba.

Hapa mimi nina neno naye. Nahisi Hamza amemweka karibu mno na hema la ofisa, hata uovu mwingi twausikia kama kazi ya kikosi kizima, na mkono wa kijana wetu wabaki safi kupita kiasi. Laiti angetuonyesha mtu mwema akifanya ubaya kwa mkono wake.

Jambo hili lisingenishughulisha sana lau si jirani mmoja wa hapa, mzee wa Kikipsigis. Nilipomweleza kitabu chahusu nini, aliniuliza kwa upole: “Na nyinyi watu wa Mombasa, Mzee, wale walipokuja Sotik mlikuwa wapi?” Alikusudia mwaka 1905, mwaka ule ule wa Maji Maji, Waingereza walipopeleka jeshi kuwaadhibu Wakipsigis wa Sotik kwa kuwavamia Wamasai. Watu wengi waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo, na ng'ombe wakatekwa kwa maelfu. Maofisa walikuwa Wazungu. Jeshi lilikuwa KAR, na kikosi chake cha tatu kilitokana na East Africa Rifles, jeshi lililoundwa Mombasa mwaka 1895 kwa Wapunjabi, Wasudani na Waswahili. Nilimjibu hivyo hivyo, pasi na kupamba. Akatikisa kichwa, akamimina chai.

Pale Mombasa twaipita kila siku ile sanamu ya maaskari, yenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili ya kuwasifu waliopigana upande wa Waingereza. Wapagazi wao, ambao Kariakoo ya Dar es Salaam imechukua jina kwao, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi na njaa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao.

Na Ilyas, yule kaka? Harudi. Riwaya yamalizika kwa mpwa wake, mwenye jina lile lile, akifuata nyayo zake Ujerumani, na mwisho wa nyayo hizo ni kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Si uzushi mtupu. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari wa Wadachi akali mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake. Hakulipwa. Akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu, akaomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na mwanamke wa Kijerumani. Akafia Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 kuna kijiwe chenye jina lake katika mtaa wa Brunnenstraße, Berlin.

Mpwa katika kitabu hakutii mguu katika uwanja wowote wa vita. Anazunguka maofisini, anauliza, anafunguliwa majalada, anasoma makaratasi.