Gari la rimoti: usiangalie volti peke yake

Tangu magari ya rimoti yaanze kuingia kwenye projekti za mwaka wa tatu, swali ninaloulizwa sana pale karakana ni moja: "Kaka, niweke betri gani?" Mara nyingi anayeuliza keshafika Kariakoo, keshaona bei, na macho yake yako kwenye volti tu. Mimi humrudishia swali: mota yako inakula ampia ngapi? Hapo kimya.

Volti ni msukumo. Ampia ni kiasi cha umeme kinachopita kwa wakati mmoja. Fikiria tangi la maji juu ya bweni: linaweza kuwa juu sana, lakini bomba la kutolea likiwa jembamba kama mrija wa soda, ndoo yako haijai hadi kipindi kinaanza. Betri nazo ziko hivyo. Ile ya mraba ya volti 9, tunayoweka kwenye mita na maikrofoni, inaizidi kwa volti pakiti ya gari ya volti 7.2, lakini ukinzani wake wa ndani unazidi omu 1. Mota ikiomba ampia 5, zaidi ya volti 5 zinapotelea humohumo ndani ya betri na kugeuka joto. Gari linatikisika kidogo, basi.

Sasa mota ya brashi ya ukubwa wa 540, ile ya magari ya kipimo cha 1 kwa 10, huvuta kama ampia 10 hadi 15 ikiwa njiani, na inapoanza kuondoka au tairi likikwama inaruka mara kadhaa ya hapo. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia.

Kwa mgeni wa mambo haya mimi husema anza na betri za nikeli, zilizoandikwa NiMH. Kila seli ina volti 1.2, zikipangwa sita mfululizo unapata 7.2. Ni nzito, na gari linapoteza nguvu polepole kadiri chaji inavyoisha, lakini zinavumilia. Chaja yake ni rahisi. Hata ukichaji kwa mkondo mdogo wa moja ya kumi ya ujazo, yaani miliampia 300 kwa betri ya 3000 mAh, inajaa kwa saa 14 hadi 16 bila vituko. Muda wa kukimbia unaupiga mwenyewe: 3000 mAh ni ampia 3 kwa saa moja, kwa hiyo mota ikila wastani wa ampia 10 unapata dakika 18. Anayekuahidi saa nzima kwa betri hiyo, mshukuru na uendelee na safari.

Wanaotaka mbio watakuja kwenye lithiamu polima, LiPo. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa ya bumu inapoteketea, na siyo pesa peke yake. Seli moja ina volti 3.7, ikijaa ni 4.2. Mbili zinatoa 7.4, karibu sawa kabisa na ile pakiti ya nikeli, na kufanana huko ndiko mtego. Watu wanachomoa nikeli, wanachomeka LiPo, gari linapaa, kila mtu anashangilia. Lakini kama kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota hakina mpangilio wa kukata umeme kwa ajili ya LiPo, kitaendelea kunyonya hadi seli zishuke chini ya volti 3. Seli iliyoshushwa hivyo inaharibika ndani, na ukiichaji tena inaweza kuvimba, au kuwaka. Pakiti iliyovimba haina matibabu.

Chaja nayo lazima iwe ile ya kusawazisha, inayofuatilia kila seli peke yake, na uichaji kwa mkondo usiozidi ujazo wake: 5000 mAh, ampia 5. Ikiwa hutaitumia wiki nzima, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, siyo imejaa. Na namba ile yenye herufi C inaonyesha inaweza kutoa mkondo kiasi gani. 5000 mAh yenye 30C ni ampia 150 kwenye karatasi. Kwa betri za bei rahisi mimi huigawa kwa mbili kabla ya kuamini.

Halafu tuseme ukweli kuhusu vyumba vyetu. Mnalala sita, magodoro ya sponji, jiko la koili limefichwa chini ya kitanda (najua, wote tunajua), na juu ya hayo mtu anaacha LiPo inachaji anakwenda kipindini. Hapana. Chaji karakana, juu ya sakafu ya saruji, ndoo ya mchanga karibu, na wewe upo.

Kuna njia ya mafundi wa mtaani: seli za 18650 kutoka betri za laptop zilizokufa. Ni wazo zuri, maana mara nyingi betri nzima hufa kwa sababu ya seli chache tu. Ila seli za laptop zimetengenezwa kutoa umeme taratibu, kwa hiyo mbili hazitalibeba gari la mota ya 540. Zinafaa roboti ndogo ya kufuata mstari. Na usizichomelee risasi moja kwa moja, joto linaziua.

Injini ya mafuta ya methanoli na nitromethani? Kelele, moshi, na moto wa methanoli mchana wa jua hauonekani vizuri kwa macho. Kwa mazingira yetu, achana nayo.

Kabla hujanunua chochote, pima. Mita za kawaida nyingi zinaishia ampia 10, fyuzi yake itakatika. Azima mita ya kubana, iwe inayopima DC, maana nyingi za mafundi wa nyumba hupima AC tu. Maabara yetu inayo moja, na mwishoni mwa semista foleni yake ni ndefu kuliko ya kantini.